Boga la Fadhili

Kama kila Jumanne, Kombo alimletea Sikudhani, mjane wa kaka yake, kreti la mboga kutoka shambani, akalitua jikoni.

"Leo kuna na boga, shemeji. Nipatie maji, koo limekauka."

Sikudhani alishika panga, akalipangusa boga tope kabla ya kulipasua. Akaona maandishi. Mwanawe Fadhili, aliyekuwa akilima na huyu baba yake mdogo, alizoea kuchora jina lake kwa msumari kwenye boga changa ili likue nalo. Lakini Kombo alikuwa ameapa kwamba msimu huu kijana alitoroka kabla hawajapanda maboga.

Herufi zilikuwa zimevimba kama makovu: FADH. Hapo mchoro uliburuzika hadi chini, kana kwamba mkono ulioshika msumari ulivutwa ghafla.

Sikudhani alichota maji. Kombo aliponyoosha mkono kupokea kikombe, panga likashuka. Vidole viwili vikadondokea kwenye nyanya ndani ya kreti.

"Shemeji, unaniua!"

Kombo alipopiga magoti, Sikudhani alimwekea boga mapajani, akachomoa msumari wa kutundikia chujio, akamtupia.

"Malizia jina la mwanangu."

Kombo akalikumbatia boga kwa mkono unaochuruzika damu, na kwa ule mzima akaandika I. Juu ya shingo yake, panga lilikuwa likisubiri L.