Nia Kabla ya Mlango

Mkasi ulikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, na askari hakuacha kuutazama.

Bi Mwatima hata hakuuona. Roho yake ilikuwa bado kwa Priscilla, yule anayefanya kazi na mumewe Vuai jikoni kule uwanja wa ndege. Miezi mitatu Vuai anarudi nyumbani Hounslow ananukia udi, na chetezo cha Mwatima hakijawashwa tangu Idi. Wivu ukishapanda hauulizi njia. Jana mchana alisukuma mlango wa nyuma wa Priscilla, akaingia, akakatakata magauni yote saba.

"Udi uliukuta?" aliuliza Mardhiya, mkalimani aliyeitwa na polisi.

"Sikuukuta. Kauficha, mjanja yule."

Mardhiya akatabasamu. Binti wa Kiunguja, mpole, ananukia vizuri kama kwao. Mwatima alimshukuru Mungu, maana Kiingereza chake yeye ni cha sokoni.

Askari akasema maneno marefu. Mardhiya akayageuza.

"Anauliza, nia ya kukata nguo uliipatia wapi? Sikiliza vizuri, dada. Kwa sheria yao, ukinuia kabla hujaingia, hiyo ni hasira ya ndoa tu, utaonywa urudi kwako. Nia ikikujia mle ndani, ndiyo umevunja nyumba. Hapo ni jela."

"Jela? Na wanangu watatu atawapikia nani?"

"Basi sema kweli."

"Nilinuia toka kwangu. Mkasi nilitoka nao mkobani, wallahi."

Mardhiya akatafsiri neno kwa neno. Askari akaandika.

Mahakamani aliletwa mkalimani mwingine, mzee mmoja, Msabaha jina lake. Alimsomea shitaka polepole, kisha akainamisha kichwa, akamnong'oneza.

"Umeingia nyumba ya mtu bila ruhusa, na nia ya kuharibu mali yake umekwenda nayo. Huko ndiko kuvunja nyumba, bibi, na watu hufungwa. Lau ungesema nia ilikujia ndani, ungeshitakiwa kwa kuchana nguo, basi. Nani aliyekwambia useme vile?"

Mwatima akageuka kumtafuta Mardhiya.

Alikuwa amekaa na Vuai benchi la nyuma kabisa, mkono kautia mfukoni mwa koti la Vuai.