Upande wa Kuangukia

Watu waliipenda picha ile kuliko zote alizochapa Hatibu kwa ubao wa kuchonga: mawimbi meusi ya ngoma yasiyo na sura ya mtu, na katikati mstari mweupe uliovunjika ghafla kuelekea kulia.

Mwanahija, mcheza ngoma, aliingia karakanani mwake akichechemea, akaketi kwenye kigoda na kuitazama.

"Huyu ni mimi," alisema. "Siku ile nilipoanguka uwanjani. Lakini mimi niliangukia kushoto."

"Ubao hugeuza, dada. Ukichonga kushoto, kwenye karatasi inatoka kulia."

Hatibu akamsogezea ubao wenyewe, wino aliopaka kwa rola ukiwa bado mbichi. Hapo mstari ulielekea kushoto. Mwanahija akakandamiza kiganja chake juu yake.

"Wenzangu walikuja mbio kuniinua," alisema. "Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Ulikuwa unafanya nini?"

Hatibu aliinamisha macho.

"Nilikuwa nachora."

"Najua. Nilikuona."

Mwanahija akataka kusimama, mguu ukakataa. Akamnyooshea Hatibu mkono ule mweusi kwa wino, mstari mweupe umepita katikati ya kiganja.

Hatibu alikuwa bado ameshika rola.