Neno Moja la "Sisi"

Sheria inaipa kila lugha neno moja tu la "sisi". Kikurukh chetu kina mawili: *nam* humjumuisha unayezungumza naye, *em* humwacha nje. Mashine ya tafsiri, iliyowekwa katika kila nyumba, ilifuta *em* kwenye Injili niliyomwahidi mama kumtafsiria. Leo ilimkatiza akisali mezani.

"Baba yetu husemwa kwa *nam*."

"Nimwambie Mungu kwamba na yeye ana baba? We chuma, una akili kweli?"

Nikaieleza kwa mara ya ishirini. Ikashukuru kwa maoni yangu.

Mama akasukuma sahani, akaninong'oneza: "Sushanti, twende nje, tukasali sisi wenyewe." Alitumia *nam*, maana alisema nami; lakini mashine nayo ilisikia.

"Haya," mashine ikaitikia. "Tunakwenda wapi?"