Mikono ya Bibi Shekiondo

Katika chuo cha sanaa cha Mlalani, kule milimani, fundi mashuhuri hazikwi na ujuzi wake. Hupewa mwanafunzi, akaenda nao hadi kwao. Msichana aitwaye Sikudhani alipewa mikono ya marehemu Bibi Shekiondo, mfinyanzi aliyevuma nchi nzima. Majirani wakamwonea kijicho mama yake Sikudhani, Mwantumu.

Likizo ilipofika, Mwantumu alijionea mwenyewe. Kila bakuli Sikudhani aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kama Bibi alivyovipima vyungu vibichi kabla ya kuvichoma. Chenye ufa Bibi alikivunja papo hapo, akakiloweka ndooni kirudi kuwa udongo. Basi mabakuli mawili ya harusi ya Mwantumu, yenye nyufa, yakavunjwa yakaishia ndooni.

“Yamezeeka hata hivyo,” Mwantumu alijifariji.

Jioni aliketi mkekani asukwe nywele na bintiye, kama zamani. Vidole vilikuwa baridi, na katikati ya msuko vikatulia. Ngo, ngo, utosini.

“We mtoto, wafanya nini?”

“Si mimi, mama,” Sikudhani alisema huku akilia. “Mikono hii haisikii nikiikataza.”

Mikono ikagonga tena, ikasikiliza. Kisha mmoja ukamshika Mwantumu shingoni, na wa pili ukaivuta ndoo.