Tisa Kati ya Kumi

Nani atanitegulia hiki, wajukuu: wakihesabiwa hawajazi benchi, wakitangazwa wanajaza mji? Mkishindwa sitaki mji, sikilizeni tu.

Binti yangu msusi alitaka mlangoni paandikwe: "Wateja tisa kati ya kumi hurudi." Fundi wa mabango akainua brashi, akasita. Tone la rangi nyekundu likavimba nchani, likamdondokea kidole cha mguu.

"Dada, uliwauliza wangapi?"

"Wewe andika, kaka. Mtaa mzima unasukwa kwa jirani."

"Chini ya maneno hayo linakaa jina langu. Wangapi?"

Binti akanitazama, nami nikatazama dari. Kicheko kikamshinda.

"Kumi. Tisa ni mama na shangazi zangu, nawasuka bure. Wa kumi ni wewe, na una kipara."