Sawa, Mume Wangu

Taa nyekundu iliwaka kwenye kompyuta, na mtaalamu wa data akaiacha chai yake hivyo hivyo.

"Dada, njoo uone. Kuna mtu leo haponi."

Afisa ustawi wa jamii alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu yake. Akaitumbukiza mkobani, akavuta kiti.

Kazi yao wawili ilikuwa kusoma jumbe za watu waliokubali kusomwa, majina yamefichwa, ili wanuse ugomvi kabla haujafika kwenye ngumi. Mwanzoni mashine iliwatoa roho bure. Shabiki wa mpira akiapa kumvunja mwenzake miguu, yenyewe inalia. Dada huyu ndiye aliyeinyoosha. "Anayetukana anapumua," alisema. "Muogope anayekwambia sawa." Ikafundishwa kusaka upole, na tangu hapo haijawahi kuwadanganya.

Mtaalamu alisoma kwa sauti, jasho linamtoka.

Mume: "Lile kochi nimempa mdogo wangu, ana wageni."

Mke: "Sawa."

Mume: "Ameomba na friji."

Mke: "Hamna shida, mume wangu. Mpe."

Mume: "Nilijua utanielewa. Kumbe nimeoa malaika!"

Mke: "Asante."

"Mama yangu," alisema mtaalamu. "Na nukta kaweka. Maskini mume wa watu."

"Maskini mke," alisema afisa ustawi.

Mashine ikaonyesha simu ya mume ilipo. Wakakimbilia gari la ofisi. Dereva, mtu wa kupenda barabara kubwa, alitaka kuzunguka hadi kule kwenye mataa, lakini afisa ustawi akamwambia akate kushoto nyuma ya shule, watafika upesi. Mtaalamu alikuwa kiti cha nyuma, anamwomba Mungu amlinde bwana yule asiyejua hata kama anahitaji kulindwa.

"Tukikuta mke keshafika?" aliuliza.

"Hajafika."

"Una uhakika gani?"

"Angefika asingekuwa anaandika," alijibu. Hoja hiyo mtaalamu aliiona nzito, akatulia kidogo.

Nyumba waliikuta kimya. Walichungulia dirishani. Sebule ilikuwa tupu kama uwanja, zulia tu limebaki na alama za miguu ya kochi. Katikati, mwanamume mnene amekalia ndoo iliyogeuzwa, anapiga mluzi, furaha tele, mzima wa afya.

Mtaalamu nusura alie kwa furaha. Alimshika mwenzake mkono.

"Tumewahi, dada. Yu hai! Tumuokoe kabla huyo mwanamke hajarudi. Nigonge?"

"Usijisumbue, mdogo wangu," alisema afisa ustawi kwa sauti laini, akatoa ufunguo mkobani na kuuingiza mlangoni. "Nyie rudini tu ofisini. Mmefanya kazi nzuri sana."