Kobe Anywa Chai Gerezani

Misitu yote iliapa kutotesa wafungwa, na Kobe akatumwa kukagua. Alikuwa mzururaji mpole, na kila gereza lilimnywesha chai mpaka akasahau kazi.

Fisi, mkuu wa gereza, aliogopa kupoteza cheo. Akawaficha wafungwa stoo, akavaa sare yao, akajilaza seli.

"Unateswa, ndugu?" Kobe akamuuliza.

"Wapi, mzee! Hapa ni kama kwa mama."

"Basi chai nitainywea humu humu."

Mara Nyati wa zamu ya jioni akaingia na rungu. Hakuambiwa kitu, naye haangalii sura, huangalia sare. Akaanza kazi yake ya kila siku.

"Mimi ni mkuu wako!" Fisi akalia.

"Wote husema hivyo."

Kobe akaweka kikombe chini. "Nyati, hebu subiri. Ndugu, nikuulize tena: unateswa?"

"Andika, mzee! Andika haraka!"